Usizime Filimbi Ikilia

Watu wengi waliofika pale redioni walimjua wifi yangu kwa jina la Mama Kanda, na wapo waliodhani ana mtoto anayeitwa Kanda. Mtoto hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni chumba. Chumba chenyewe kiko nyuma ya studio: unashuka ngazi, unapita jenereta, unasukuma mlango mzito uliozungushiwa mpira ili vumbi lisipenye. Ndani kuna rafu za mbao kutoka chini hadi darini, na kwenye rafu kuna kanda za sauti, zile kubwa za zamani zinazozungushwa kwenye magurudumu, kila moja na boksi lake bapa, zimesimamishwa kama vitabu. Kuna harufu ya siki siki humo, maana kanda zikizeeka zinachachuka kama chakula. Sauti za watu wa miaka mingi zimelala mle, na wifi ndiye mtunzaji wao.

Mimi nilikuwa nafagia pale, na kupika chai. Kazi alinitafutia yeye, baada ya kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, kuumia mgongo na kukaa nyumbani. Siku ya kwanza alinishika mkono akaniingiza ndani.

"Wifi, humu hatumwagi maji. Humu hatupulizi vumbi kwa mdomo. Unafuta kwa kitambaa kikavu, polepole, kama unamfuta mtoto uso."

"Na nikitaka kupiga chafya?"

"Toka nje, pigia huko, halafu urudi."

Nilicheka nikidhani ni utani wa mawifi. Haukuwa utani.

Nieleze alifikaje pale, maana hakwenda kutafuta mshahara peke yake. Mama yao alikuwa mkunga. Alifariki wifi akiwa bado mtoto wa kubebwa, na mume wangu ndiyo kwanza ameanza kukimbia kimbia. Picha yake ipo moja, ya kitambulisho, imekuzwa ikawekwa ukutani. Lakini baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema picha ile haifanani naye hata kidogo, kwa sababu humo amefunga mdomo.

"Mama yenu alikuwa anacheka kabla ya kusema," alituambia. "Unasikia kicheko kwanza, ndipo neno linafuata."

Akishasema hivyo aliongeza habari ya redio. Mama yao aliwahi kuitwa studio kuzungumza na akina mama juu ya kulea watoto wachanga. Kipindi kilirekodiwa, kikarushwa siku moja asubuhi. Baba mkwe alimsikia akiwa amesimama dukani na wenzake, akasahau alichokwenda kununua, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mke wake alimcheka mpaka machozi.

Wifi alikua na hadithi hiyo kama wengine wanavyokua na blanketi. Alipomaliza shule aliomba kazi redioni, kazi yoyote, wakampa ukarani wa kanda. Tangu siku hiyo akawa anamtafuta mama yake. Hakupiga kelele, hakuacha kazi nyingine ilale. Ila kila akipata nafasi alishusha boksi moja, akaliweka kwenye mashine, akasikiliza. Wachumba walikuja. Mmoja alimfuata mpaka redioni, wifi akamwambia, "Keti hapo, kanda hii ikiisha nakuja." Ikaisha hiyo, ikaanza nyingine. Yule bwana akaenda kuoa kwingine, na kadi ya harusi akatuletea.

"Si ungekatisha tu ile kanda, dada yangu?" mume wangu alikuwa anamchokoza.

"Na kama ndiyo ingekuwa yenyewe?"

Hapo utani uliishia.

Sasa kuna Fundi Wembe. Huyu alikuwa fundi mitambo, mtu mzima kidogo kumzidi wifi, mnene, mcheshi, ambaye mfuko wa shati lake haukukosa wembe uliofungwa kwenye karatasi. Ndio aliotumia kukatia kanda. Kipindi kikiisha alikuwa anakata pale pale linapoishia neno la mwisho, halafu anaunganisha kipande cha utepe mwekundu. Aliuita mkia. Mafundi waliomtangulia walitumia mkia mweupe. Mwekundu ulikuwa wake yeye, alama yake. Sheria ya chumba ikawa hiyo: usizime mashine mpaka uone mkia.

Yeye ndiye aliyekuwa rafiki wa wifi kazini, na akawa rafiki yangu pia. Saa ya chai tulikaa watatu kwenye korido, kila mtu na kikombe chake. Cha Fundi kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka mdomoni, na hakukubali kingine.

"Wifi wa redio," alikuwa ananiita, "hii chai umeiombea dua au umeisahau jikoni?"

"Nimeiombea ikupunguze kitambi."

"Basi Mungu hajajibu."

Fundi alijua wifi anatafuta nini. Alimsaidia. Mashine ikigoma aliifungua, akaisafisha kichwa cha kusomea kanda kwa pamba, akasema, "Haya dada, endelea na mama." Kanda ikiwa imekatika aliiunga. Nilikuwa nikimwombea kila siku katika sala zangu, namtaja kabisa, yule mtu mwema wa kazini kwetu.

Kwa kutafuta huko wifi akawa mwalimu wa watafutaji. Walikuja watu wa kila namna: mwanafunzi anayechunguza nyimbo za kazi, wakili anayetaka hotuba fulani, mzee aliyeimba utotoni kwenye kwaya ya shule na anataka wajukuu wasikie. Wengine walifikiri ni kama dukani, unataja kitu unapewa. Wifi aliwakalisha.

"Unamtafuta nani? Siku hiyo nani mwingine alikuwepo? Nani alishika kipaza sauti?" Aliwaambia wasiamini maandishi ya juu ya boksi, maana kanda huingizwa kwenye boksi la jirani. Aliwaambia waanze na ratiba za vipindi za zamani, kisha wawaulize watangazaji waliostaafu, kisha vituo vidogo, nyumba za ibada, na watu waliokuwa wakirekodi redio kwa kaseti zao nyumbani na kuzisahau chini ya kitanda. Kila njia aliyomwonyesha mtu, yeye alikuwa ameshaipita.

Baba mkwe alipoanza ugonjwa wake wa mwisho tulimleta kwetu, akalala chumba cha mbele. Kila jioni wifi akitoka kazini mzee alimuuliza neno moja tu.

"Umempata?"

Hakuuliza habari ya kanda. Aliuliza kama vile mke wake amekaa mahali na mkoba wake, anasubiri kufuatwa.

"Bado, baba. Nimebakiza rafu chache."

Alikuwa ameshasikiliza vipindi vyote vya akina mama, vya afya, vya shule, na maboksi yote yasiyo na maandishi. Ikabaki rafu ya michezo. Akaniambia tukiwa tunaosha vyombo, "Wifi, nimewaza. Kanda inaweza kuingia boksi lolote. Kesho naanza na mpira."

Kesho yake kwenye chai alimwambia Fundi vile vile. Fundi akaweka kikombe chini. Nakumbuka aliweka chini kabla hajanywa.

"Mpira? Utapoteza muda wako bure, dada. Mimi nimekumbuka kitu usiku. Kile kituo kidogo cha milimani, kilichofungwa. Zamani vipindi vya malezi vilipelekwa kule kurudiwa. Kanda zao ziko stoo mpaka leo. Mlinzi wa pale namfahamu, mwambie nimekutuma mimi."

Wifi alimshika mkono Fundi kwa mikono yake miwili. Akaomba ruhusa, akapanda basi la alfajiri. Mimi nikabaki na mgonjwa.

Stoo yenyewe ilikuwa imevuja. Wifi alikaa humo na tochi, anafungua boksi moja moja, kanda zimeshikana kwa ukungu, nyingine panya wamezitafuna. Simu haikushika kule. Na huku baba mkwe akazidiwa. Nilikuwa nampangusa midomo kwa pamba yenye maji, akafumbua macho.

"Amempata?"

"Wifi yuko njiani, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Mpaka jua linazama hakuuliza tena, na hakuamka.

Wifi alipofika tulikuwa tunatoka makaburini. Alikuwa na udongo wa stoo kwenye nywele. Hakulia mbele za watu. Fundi Wembe ndiye aliyemsogelea, akamwekea mkono begani, akamwambia, "Yatosha sasa, dada. Sauti yake Mungu anayo. Pumzika." Maneno yale niliyapenda sana, hata nikayarudia kwa wengine waliofiwa.

Na kweli wifi akapumzika. Rafu ya michezo hakuigusa. Aliendelea kuwatafutia wengine.

Miaka ikapita. Fundi akastaafu, lakini mkurugenzi akamrudisha kwa kibarua, maana redio ilipata msaada wa kuhamishia kanda zote kwenye kompyuta kabla hazijaoza, na mashine ile kuukuu ilikuwa inamsikiliza yeye tu. Kukawa na pilika pale chumbani. Watafiti nao wakaongezeka. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa chuo, bwana mwembamba, mpole, anayeandika kitabu juu ya watangazaji wa mpira wa zamani. Alivaa hedifoni, akasahau kwamba sisi hatusikii anachosikia, akawa anapiga kelele, "Goooli!" mpaka mhasibu akashuka kuuliza kuna nini.

Mtafiti huyo alikuwa akihudumiwa na Fundi mwenyewe. Kwenye kanda za mpira Fundi hakukubali mwingine ashike. Alikaa pembeni ya mashine, na filimbi ya mwisho ikilia tu, anazima. Nilimsikia mtafiti akiuliza siku moja mbona hawasubiri mkia mwekundu kama sheria inavyosema. Fundi akamjibu, "Kwenye mpira baada ya filimbi ni kelele za watu tu. Zinachosha kichwa cha mashine."

Halafu ikaja siku Fundi alikwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mtafiti akaja na ombi la fainali moja ya zamani sana, wifi akaishusha yeye mwenyewe kutoka rafu ya juu kabisa, akairudisha mwanzo, akaiwasha, akaenda mezani kwake. Nilikuwa nimeingia kukusanya vikombe. Mtafiti alisikiliza, akapiga kelele zake, akatulia. Wala hakuzima. Hakuna aliyekuwepo wa kumzimia, naye alikuwa mtu wa kufuata sheria: alisubiri mkia.

Mara akainua upande mmoja wa hedifoni.

"Mama, samahani. Huku mwishoni kuna mwanamke. Si mpira tena."

"Mwanamke gani?"

"Sijui. Anacheka."

Wifi alisimama polepole. Alikuja mpaka kwenye mashine, akairudisha kidogo, ila hakuvaa hedifoni. Alichomoa waya ili sauti itoke kwenye spika. Filimbi ikalia, uwanja ukaunguruma, kisha ukakatika ghafla kama kitambaa kilichochanwa, na mtangazaji wa kike akawa katikati ya sentensi yake: "...mkunga wetu, neno la mwisho kwa akina mama wanaotusikiliza?"

Kikaja kicheko. Kifupi, cha puani kwanza halafu cha kifua. Ndipo likafuata neno.

"Neno langu ni dogo. Mtoto akilia usimkemee kwanza. Mguse. Tazama kama ana joto, kama amelowa. Wengine hawana kitu, wamekukosa tu." Nyuma yake kukawa na sauti ya mtoto mchanga anayebwabwaja, na kitu kikagonga kipaza sauti. Kicheko tena. "Huyu wangu naye anataka kuhutubia. Ngoja, mwanangu. Mama anamaliza sasa hivi, anakuja kukuchukua."

Mkia mwekundu ukapita. Gurudumu likawa linazunguka bure, linapiga tap, tap, tap.

Sikumbuki niliweka wapi vile vikombe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamkumbatia wifi. Mwili wake ulikuwa mgumu kama mlango. Mtafiti wa watu alivua miwani, akatoka nje taratibu, akatuachia chumba.

"Ni yeye, wifi! Na wewe umo! Wewe ndiye unayebwabwaja!"

"Ndiyo," akasema. Alikuwa ameushika ule mkia mwekundu kati ya vidole. "Wifi, mama alirekodiwa kabla Fundi hajaajiriwa hapa. Mkia wake ungekuwa mweupe."

Sikuelewa.

"Mwekundu ni wa Fundi. Na ameukata hapa, neno la mwisho la mama lilipoishia. Haukai kwenye filimbi." Akanitazama. "Mtu hawezi kukata neno la mwisho kama hajalisikia."

"Labda hakujua ni nani, wifi. Wanawake wangapi wamekuja redioni."

Wifi akainama kwenye mashine. Aliirudisha kanda mpaka mwanzo kabisa, kabla ya mpira kuanza, mahali fundi anapojaribu kipaza sauti. Ikaja sauti changa, ya kijana mwembamba, lakini huwezi kuikosea: "Moja, mbili, moja, mbili. Fundi yuko uwanjani. Studio mnanipata?"

Jioni wifi alituletea sauti ile kwenye simu yake. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi kwa sababu ya mgongo. Kicheko kilipotoka aliinuka akakaa, bila kushikwa, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa muda mrefu. Aliomba irudiwe. Akaomba tena. Kisha akaangalia kitanda cha chumba cha mbele kupitia mlangoni, na sote tulijua anawaza nini.

Asubuhi Fundi akaja, jicho moja limefunikwa pamba nyeupe, utani umeanzia mlangoni.

"Jamani, leo nawaona nusu nusu! Wifi wa redio, nijazie kikombe kabisa, nisije nikakiona nusu."

Nilimpa chai.

"Keti, Fundi," wifi akamwambia. "Kuna kanda nataka usikilize."

Akaketi pale pale anapoketi siku zote. Wifi aliwasha dakika za mwisho za fainali ile. Mwanzoni Fundi alitabasamu, kama mtu anayesikia ujana wake. Kisha tabasamu likabaki mdomoni halina mwenyewe. Filimbi ikalia. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe wenyewe, kama ulivyozoea. Wifi akauwekea wake juu.

"Leo iache iende."

Ikaenda. Kicheko kikaja, neno likaja, mtoto akabwabwaja. Fundi alikuwa amefumba lile jicho moja zima. Mkia ulipopita wifi alizima, nikasikia jenereta ng'ambo ya ukuta.

"Kanda mpya zilikuwa zimeisha," Fundi akaanza, sauti ya chini. "Kesho yake ni fainali. Mkuu wa wakati ule alisema chukua chochote chenye vipindi vya zamani, rekodi juu yake. Nikachukua boksi la juu. Dada, naapa, nilikuwa mgeni, sikujua kilikuwa kipindi cha nani. Ningechukua la chini yake ingekuwa habari ya kilimo."

"Hilo nimekusamehe kabla hujalisema. Kila redio ilifanya hivyo. Ulijua lini?"

Akakizungusha kikombe mkononi.

"Fundi. Ulijua lini?"

"Ulipoajiriwa. Ulipotusimulia mara ya kwanza, kwenye chai. Nikakumbuka lile boksi liliandikwa malezi. Nikaenda kusikiliza. Mpira ulikuwa umemfunika, lakini ulikuwa mfupi kuliko yeye. Hapo mwisho akabaki. Nikamwekea mkia, asije mtu akamkata."

"Ukamwekea mkia." Wifi alilirudia polepole. "Halafu ukaja kuniungia kanda zilizokatika. Ukanisafishia mashine. 'Endelea na mama.' Ulikuwa unaniambia hivyo, Fundi, na wewe unajua yuko rafu gani."

"Ningekupa kipande ungeniuliza kilichobaki kiko wapi."

"Ningekuuliza. Ungenijibu. Ningelia wiki moja, yakaisha."

"Nilitaka kusema. Kila mwaka nilitaka. Kisha tukawa tumezoeana, chai, utani... kila nikichelewa ikawa ngumu zaidi. Ningekupoteza, dada."

Nilikuwa nimesimama na birika.

"Na ile stoo ya milimani?" wifi akauliza. "Vipindi vya malezi vilipelekwa kule kweli?"

Fundi aliangalia kikombe chake.

"Vilipelekwa kule?"

"Hapana."

"Hakuna hata kimoja?"

"Ulikuwa umesema kesho unaanza na mpira."

Wifi alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni, mgongo kwenye rafu, mwanamke mtu mzima na sketi yake ya kazi. Akasema, hata hakumsemesha Fundi, alisema tu mbele yake, "Baba alikuwa anauliza kila jioni. Angekufa anamsikia. Ilikuwa hatua chache kutoka mezani kwangu."

Fundi akalia. Nimpe haki yake, alilia kweli, na pamba ya jicho ikalowa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akautoa ule wembe, akaukunjua kwenye karatasi yake.

"Acha nimkate, dada. Nimtoe kwenye huu mpira, nimweke kwenye kanda yake peke yake, safi. Nakuomba. Niruhusu nikufanyie hilo moja."

"Usiiguse."

"Atakaa vizuri zaidi."

"Atakaa hapo hapo alipo, nyuma ya mpira wako. Sitaki mtu afike kwa mama yangu bila kupita kwenye sauti yako kwanza. 'Fundi yuko uwanjani.' Wasikie." Akanyoosha mkono. "Na ufunguo wa chumba hiki nipe."

"Nani atakuendeshea mashine? Inagoma hii, unaijua."

"Ikigoma tutagoma nayo."

Fundi akatoa ufunguo. Alipofika mlangoni aligeuka kunitazama mimi, nadhani alitaka nimwambie kitu, maana mimi ndiye wa maneno ya Mungu pale kazini. Yako mengi ninayoyajua ya kusamehe, nimeyasikia na kuyasema tangu utoto. Siku hiyo hata moja halikunijia mdomoni. Nilichokumbuka ni yale yake ya makaburini, kwamba sauti yake Mungu anayo. Nikamfungulia mlango tu.

Mchana wifi aliosha kile kikombe cha bluu kilichobanduka, akakikausha kwa kitambaa kikavu, polepole, akakifunga kwenye gazeti.

"Mpelekee kwake, wifi."

"Si unaweza kumtunzia tu? Labda siku moja..."

"Mpelekee."

Nikampelekea. Mkewe ndiye aliyekipokea, akashangaa, akauliza kama mumewe amefukuzwa. Nikasema hapana, amesahau kikombe. Alisema nisubiri aniitie, kumbe Fundi yuko ndani amelala na mwanga umezimwa kwa ajili ya jicho. Nikasema asimwamshe.

Bado namtaja katika sala. Zamani nilimtaja akiwa kati ya watu wema, siku hizi namtaja peke yake, na nikifika kwake nakwama mpaka mume wangu ananiuliza kama nimesinzia. Wifi sijamsikia akimtaja kabisa. Mashine imegoma mara nyingi tangu siku ile. Anaifungua mwenyewe, anasafisha kichwa kwa pamba, anatukana kidogo, inakubali.

Kanda ile imeshaingizwa kwenye kompyuta, nzima, kuanzia kujaribu kipaza sauti mpaka mkia mwekundu. Mtafiti wa mpira aliwasimulia wenzake, sasa wengine wanakuja kuiulizia, wengi wakitaka lile goli la dakika za mwisho. Wifi anawakalisha, anawapa hedifoni, anawawekea. Yeye hawaelezi kilichomo. Anarudi mezani kwake, anachukua kazi yake, kisha anawaambia bila kuinua kichwa:

"Filimbi ikilia, usizime."